Visiki Saba vya Tisefla

Rabat, 11 Oktoba 1998

Kaka yangu Bassu,

Nakuandikia jikoni, chai iko mezani, na Itto amesimama nyuma yangu anasahihisha herufi zangu kama mwalimu mkuu. Anakusalimu sana mjomba wake. Anasema miguu imeshapita viatu ulivyomnunulia sikukuu iliyopita, nami nimemwambia aache kukua. Wifi Rkia hajambo? Mgongo wake umepoa? Shayiri na mafuta ya zeituni uliyotuma kwa lori la Hammu yalifika salama. Tangu nibaki mjane hujawahi kuruka msimu hata mmoja, kaka, na dua ninazokuombea huzijui.

Sasa nikwambie kilichonipata. Kwenye kile kituo cha misitu ninapofagia wameanza jambo jipya. Kila Jumamosi asubuhi wanafungua mlango kwa mtu yeyote, bila malipo wala cheti, wanafundisha kusoma umri wa miti. Mwalimu Zhor, yule mwanamke mrefu anayesahau miwani kila chumba, alinikuta nimeegemea ufagio mlangoni nikisikiliza. Akaniambia nikae. Nikamwambia mimi ni mfagiaji. Akasema hata yeye hufagia, kwake nyumbani, na kiti kiko wazi.

Basi nikakaa, na hii ni Jumamosi ya tano. Kila mwaka mti huongeza pete moja chini ya gome. Mwaka wa mvua pete ni pana, mwaka wa ukame ni nyembamba. Ya 1945, mwaka wa njaa ambao baba aliuita mwaka wa kuponi za chakula, nimeiona kwa macho yangu, nyembamba kama unywele. Gogo lililokatwa zamani unalipanga kando ya mti ulio hai, unafuata nyembamba na pana zake mpaka zikubaliane, na hapo unajua lilikatwa mwaka gani. Wana chumba kizima cha vipande vya mbao, vimepangwa kama vitabu, na yeyote anaweza kuomba kipande akakaa nacho. Vipimo vyake wameviweka kwenye kompyuta, na watu wa nchi za mbali wanavichukua bure.

Kila mwanafunzi ametakiwa alete mbao ya kwao. Nakuomba vitu viwili. Kwanza, kipande cha ile boriti ya mwerezi iliyo juu ya hori nyumbani kwako, kwa kuwa bado ina gome. Pili, kama utapata nafasi ya kupanda Tisefla, unikatie kipande cha kisiki kimojawapo kati ya vile saba. Najua hatuvitaji. Najua ndivyo vilivyompeleka mume wangu Akka gerezani. Lakini ndiyo miti ninayoijua kuliko mingine yote duniani, ingawa sijawahi kuiona.

Dada yako,
Tuda


Aghbalu, 29 Novemba 1998

Mdogo wangu Tuda,

Hapa kwetu wote wazima, na Rkia alipomsikia binti jirani akisoma kwamba umekuwa daktari wa magogo alicheka mpaka akamwaga maziwa ya kugandisha. Mgongo wake hauna jipya, unauma akiinama na unauma akinyooka. Kondoo jike watatu wana mimba. Mama Izza, mama mkwe wako, bado anaishi peke yake kule juu ya chemchemi, na macho sasa yamezimika kabisa, lakini mdomo uko palepale. Juzi alimfukuza imamu kwa sababu aliingia na matope.

Barua yako ilikaa Azrou wiki tatu kwenye mgahawa, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Kuhusu hizo mbao. Theluji imeanza mapema, na Tisefla hakupandiki. Halafu vile visiki vimeshaoza, dada, hakuna cha maana pale. Na ile boriti ndiyo imebeba paa. Nikiikata kipande, Rkia ataangukiwa na dari nami nitalaumiwa mpaka kiama. Mwambie mwalimu wako akupe mbao nyingine, si una chumba kizima?

Nakushauri kama kaka. Yaliyopita uyaache yalale. Una mtoto anasoma, una kazi. Kusoma ni jambo jema, soma miti ya watu wengine.

Nimetuma samli na soksi za Itto.

Kaka yako,
Bassu


Rabat, 24 Januari 1999

Kaka Bassu,

Sikukuu imepita, natumaini mlifungua Ramadhani kwa afya. Sisi tulikula wawili, mimi na Itto, na tukawapelekea majirani biskuti za ufuta. Samli imefika. Soksi zimemkaa vizuri, anazivaa hata kitandani.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kuna jambo sikukuandikia Oktoba kwa sababu niliona haya. Acha niliseme sasa.

Akka alihukumiwa miaka mitatu kwa kukata mierezi saba katika baridi ya mwaka 1984. Ushahidi ulikuwa wa vitu viwili. Mlinzi wa msitu, marehemu Mimun, alisema visiki vilikuwa vibichi, utomvu unatoka. Na shoka la Akka, lenye alama yake kwenye mpini, lilikutwa korongoni. Hakuna hakimu aliyepanda kutazama. Akka alisema neno moja tu tangu siku ya kwanza mpaka mapafu yalipommaliza gerezani: sikukata. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, na Itto tumboni. Kijiji chote kilisema alikata, akamuuzia mfanyabiashara. Hata nyumba ya msiba haikujaa.

Mwezi uliopita Mwalimu Zhor alitufundisha kwamba pete ya mwisho, ile iliyogusa gome, ndiyo mwaka wa mwisho mti kuwa hai. Nikamuuliza, je, mlinzi akisema mti umekatwa mwaka fulani, mbao inaweza kumkatalia? Akasema mbao haimjui mlinzi. Kaka, siku hiyo sikufagia vizuri.

Mwezi wa nne kuna wiki ya mafunzo msituni. Ni ya kila anayetaka, wanatupa usafiri na vifaa. Nimeomba tuje milima ya kwetu, na mwalimu amekubali na anashughulikia kibali. Nitakuja hadi Tisefla mwenyewe. Nitakachohitaji kwako ni ile boriti tu, haitakatwa. Tuna keekee yenye uwazi katikati, inatoa kijiti chembamba kama penseli, na tundu tunaliziba. Rkia hata hatajua.

Wewe ndiye uliyesimama nami wakati ule. Nataka uwe nami siku hiyo pia.

Tuda


Aghbalu, 15 Machi 1999

Tuda,

Sote wazima.

Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali, paa lilikuwa linavuja, nikaona bora nilishushe lote. Sasa tumeweka mabati. Zile boriti zilikuwa zimeliwa na wadudu, tumezichoma kuni. Kwa hiyo usisumbuke.

Mwezi wa nne sidhani kama nitakuwepo, nina shughuli Khenifra.

Kondoo mmoja amezaa mapacha.

Bassu


Rabat, 23 Mei 1999

Kaka Bassu,

Itto anakusalimu. Mtihani wake wa mwezi uliopita ameshika nafasi ya tatu.

Nilikuja. Rkia atakuwa amekwambia. Alinipa mkate wa shayiri na siagi, akanimiminia chai, lakini kila nilipomtazama alitazama mlangoni. Mabati yenu yanang'aa, mtu anayaona tangu barabarani. Nilimuuliza unarudi lini kutoka Khenifra, akasema hujasema.

Tulipanda Tisefla tukiwa kumi na mmoja, wakiwemo walimu wawili wa shule ya msingi na mzee mmoja mfuga nyuki anayehema kama mvukuto. Nilidhani nikivifikia visiki vile nitaanguka. Sikuanguka. Niliona aibu tu, kama mtu aliyekuta wageni amewasahau mlangoni. Havikuoza, kaka. Mwerezi hauozi haraka, wewe mtu wa mlima unajua. Vinne vina gome bado, upande wa chini. Mwalimu alinipa msumeno nikakata kipande cha kwanza mwenyewe, kisha keekee, nikatoboa mierezi mitatu iliyo hai palepale jirani ili tuwe na cha kulinganishia.

Kituoni nilivisugua kwa msasa Jumamosi tatu, mpaka mbao ikawa laini kama shavu. Nikahesabu kwa hadubini. Nilipopata jibu sikuliamini, na sikumwambia mtu. Mwalimu akawapa wanafunzi wengine wawili wahesabu bila kujua nimepata nini, kisha akahesabu yeye, kisha akalinganisha na vipimo vya mierezi ya Azrou walivyohifadhi. Wote tumepata jibu moja. Pete ya mwisho ni ya 1981, ule mwaka wa ukame ambao kondoo wetu walikufa. Imekamilika, kwa hiyo miti ilikatwa baada ya kiangazi. Hakuna pete ya 1982. Hakuna ya 1983. Vyote vinne.

Kitabu cha jeshi cha Akka ninacho kwenye sanduku. Aliingia Februari 1980, akaachiwa Juni 1983, na muda wote alikuwa kusini jangwani. Likizo zake zimeandikwa, na hakuna hata moja ya vuli ya 1981 wala ya baridi iliyofuata.

Hakukata, kaka. Alisema hivyo, na ndivyo ilivyokuwa.

Mwalimu ameniandikia ripoti na kuitia saini. Amesema vipande vitabaki kwenye chumba cha mbao, na mtu yeyote atakayetaka kuhakikisha ataruhusiwa kuviona. Nilitaka niipeleke ripoti mahali pote siku hiyohiyo. Nimekaa nayo wiki mbili. Nimekuwa nikijiuliza, vuli ile Akka yuko jangwani, shoka lake lilikuwa kwa nani?

Sikuulizi kuhusu paa.

Tuda


Aghbalu, 18 Julai 1999

Tuda, dada yangu,

Nimeianza barua hii mara sita. Binti jirani sikumpa aniandikie, naandika kwa mkono wangu, vumilia makosa.

Shoka lilikuwa kwangu. Akka aliniachia alipokwenda jeshini, tulikuwa marafiki kabla hajawa shemeji yangu. Mwaka ule wa ukame tulipoteza kondoo arobaini, baba amelala hawezi kusimama, wewe unachemsha magugu. Mimun akanijia, akasema kuna mfanyabiashara, miti saba tu, korongo ambalo hakuna anayepita. Tulikata mwezi wa kumi na moja, siku tisa. Mitano ilikwenda. Miwili nikaificha nyumbani, nikaja kuifanya boriti nilipojenga. Shoka nikalisahau kule. Akka aliporudi nikamwambia limepotea, akacheka, akasema nitamnunulia jingine.

Mwaka 1984 wakaguzi wakatoka mjini, wakaviona visiki na shoka. Mimun akanijia mbio. Akasema wanataka jina, na shoka lina alama ya Akka, sasa ni yeye au ni sisi wawili. Nikanyamaza. Mahakamani waliniuliza swali moja, hili shoka ni la nani. Nikasema ni la Akka. Miaka kumi na mitano nimekuwa nikijiambia kwamba sikusema uongo.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo lililonizuia kuandika kuliko hayo yote. Akka alijua. Angekosaje kujua, wakati shoka aliniachia mimi? Siku ya hukumu walinipa dakika chache naye uani. Nilidhani atanitemea mate. Aliniambia, "Bassu, wakikuchukua wewe, Tuda na mtoto watakula nini? Mimi sina ng'ombe wala shamba. Mtunze dada yako." Akaongeza nisikwambie, kwa sababu ukijua hutapokea hata punje kutoka kwangu. Basi nikakutunza. Kila gunia la shayiri ulilonishukuru, nilikuwa nalipakia lorini kisha naenda nyuma ya zizi kukaa peke yangu.

Boriti niliziteketeza, ndiyo. Nilizishusha mwenyewe kwenye theluji, Rkia akinililia niache, akidhani nimeshikwa na wazimu. Nilipomaliza nikamwambia kwa nini. Tangu siku hiyo ananipikia lakini haketi nami.

Wiki iliyopita nilipanda kwa Mama Izza. Nilikaa mlangoni nikamweleza yote, kama nilivyokueleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu hakukata, hilo nilijua. Nilichokuwa sijui ni nani anayekuja kunisalimia kila Ijumaa." Kisha akanipa mgongo, nikadhani ananingoja niondoke. Nikasimama. Akaniuliza kama nimekula. Akapapasa ukuta mpaka jikoni, akapasha mkate, akaniwekea na mafuta, akasema kula. Nikala. Sijawahi kula kitu kigumu kama kile, Tuda, na sikuweza kukataa.

Jumanne nilishuka Azrou, nikaenda kwa mashahidi wa kadhi, nikaandikisha yote mbele yao na kutia dole gumba. Nakala nimeiambatisha. Mwandishi aliniuliza mara mbili kama natambua ninachofanya. Ipeleke na ripoti yako popote unapotaka. Wakija kunichukua watanikuta nyumbani.

Siombi kitu.

Bassu


Rabat, 29 Agosti 1999

Bassu,

Karatasi zote mbili nimezipeleka mahakamani. Afisa alizisoma, akasema aliyehukumiwa amekufa na jambo kama hili huchukua muda, lakini amezipokea na amezigonga muhuri. Nimepewa namba.

Barua yako niliisomea kwenye korido ya kituoni, nimesimama, ndoo iko miguuni. Mwalimu Zhor alipita, akaichukua ndoo bila kuniuliza, akaenda kuimwaga mwenyewe.

Wewe umesema lako, nami nina langu, na sijawahi kumwambia mtu. Mara ya mwisho kumwona Akka ilikuwa Januari 1986. Nilikuwa na Itto mgongoni. Alikuwa amekonda, anakohoa kila neno. Nilikuwa nimechoka, kaka. Nimechoka kunyooshewa vidole kisimani. Nikamwambia, "Kubali tu kwamba ulikata. Ukikubali nitakusamehe, tuanze upya." Alinitazama sana. Sikujua kwa nini ananitazama vile, nilidhani ni ugonjwa. Akasema, "Sikukata, Tuda." Nikamwambia, "Haya," kwa ile sauti ya mtu asiyeamini. Akauliza kama tunakula vizuri. Nikamwambia ndiyo, Bassu anatuletea. Akatabasamu. Yaani alifurahi, kaka, nilimwona kwa macho yangu. Wiki tatu baadaye tukamzika.

Alikuwa na jibu mdomoni siku ile. Angelisema ningemwamini, na ningerudi nyumbani na kukuona wewe ulivyo, na magunia ningeyamwaga barabarani. Akalimeza. Mimi nikaondoka pale nikijiona mke mwema kwa sababu nilikuwa tayari kumsamehe. Miaka yote hii nimekuwa nikimsamehe, kila sala, kwa kosa ambalo hakulifanya.

Nimemweleza Itto. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza baba yake alikuwa na sauti ya namna gani. Nilijaribu kumwigizia nikashindwa.

Wewe ulipata mlango wa Mama Izza wa kukaa. Mimi sina mlango. Niliyemkosea ameshazikwa, na nilimpeleka kaburini na watu kumi na wawili.

Usitume shayiri tena. Sisemi hivyo kwa hasira, sijui nasema kwa nini, ila usitume. Na usije Rabat. Nikiweza kukuona nitakuandikia, na sijui kama nitaweza.

Theluji huanza mapema huko siku hizi. Mpelekee Mama Izza kuni kabla haijaanguka, zilizokauka vizuri, na uzipange karibu na mlango ili azifikie kwa kupapasa.

Tuda